Mrija wa Maji Matupu

Kaka Stoyan,

Pilipili zako zimefika, zimejaza mitungi kumi.

Leo wanafunzi wangu walinakili vinasaba kutoka kwenye mate yao. Mrija mmoja huwa wa maji matupu. Ukionyesha mstari wa vinasaba kwenye kipimo, ujue uchafu umeingia. Leo ukaonyesha.

"Mwalimu, maji yako yana mtu ndani!" Yavor akacheka.

Nikamfokea, eti hakuvaa glavu. Alikuwa amevaa. Maji niliyatayarisha mimi, nikiwa nimevaa koti la binti yangu Kalina, ambalo sijalifua tangu tumzike.

Huenda ni vinasaba vyangu, si vyake. Sijapima, wala sitapima.

Miaka ishirini nafundisha wanafunzi: mwaga, anza upya. Mimi sikumwaga, kaka. Mrija nimeuweka kwenye friza, nikauandikia jina la Kalina.

Usimwambie mama.

Dada yako,
Rumyana