Karatasi Nyeusi Kutoka Osaka

Kitengela, 4 Machi 2024

Dolphine mwanangu,

Mulembe. Uko mzima? Baridi ya huko imepungua? Sisi tuko salama, isipokuwa goti langu, na hilo unalijua.

Wamama wa kanisa wamechoka na mimi. Nawaambia Dolphine wangu anapikia Wajapani samaki na wanapiga foleni! Nduta akasema wake ako Dubai. Nikamwuliza, anapika? Akafungua kitabu cha nyimbo.

Nitumie picha umeshika samaki mkubwa. Na Desemba uje, tunafanya ukumbusho wa baba yako. Nitachinja ng'ombe, watu wale washindwe, kama siku ya matanga. Jogoo yako pia inakungoja. Firigisi nitakupa wewe, wazee wakasirike.

Mama yako,
Selpha

Osaka, 19 Machi 2024

Mama mpendwa,

Goti umelipaka ile dawa? Mimi niko mzima, nashukuru Mungu.

Picha ya samaki sina. Kwa hii hoteli mimi hutengeneza sushi ya watu wasiokula kitu chochote cha mnyama. Wali wa siki, tango, avokado, nafunga na karatasi nyeusi ya mwani. Na mimi ni mmoja wao.

Mama, ile ng'ombe ya matanga, Baba na mimi tuliinunua soko la Bisil ikiwa ndama. Nilikuwa naiita, inakuja. Siku ile mlinipa sahani ya nyama yake, nikakataa, mkasema niko na madharau. Haikuwa madharau. Tangu hapo sijaweza.

Sushi ya kwanza nilikula nimesimama jikoni, nikalia. Tangu tumzike Baba, hicho ndicho chakula cha kwanza kilikuwa na ladha. Sasa naila nikifurahi.

Nataka kuja. Lakini nikipewa tena ile sahani mbele ya watu, sitaweza. Nimekutumia pakiti ya hizo karatasi uone.

Binti yako,
Dolphine

Kitengela, 11 Aprili 2024

Dolphine,

Salamu. Pakiti imefika.

Hata mapasta hula nyama yangu na kuomba ya kubeba. Sasa mtoto niliyezaa ndiye atanikataa mbele ya watu? Ng'ombe itachinjwa. Ukiona huwezi, baki huko na matango yako.

Mama yako

Osaka, 2 Juni 2024

Mama,

Habari ya goti? Simu yangu hushiki. Basi sitakuja, nisikuaibishe. Siku hiyo nitamkumbuka Baba nikiwa huku.

Binti yako

Kitengela, 26 Oktoba 2024

Dolphine mwanangu,

Mulembe. Goti bado linauma. Moyo pia.

Juzi nilienda Bisil kununua ng'ombe. Saruni, yule aliwauzia ndama, akanisalimia, "Sopa, Mama! Na yule msichana wa kuita ng'ombe, ako wapi?" Nikafungua mdomo nijisifu vile nimezoea. Nikajipata nasema, nilimwambia abaki huko na matango yake. Nikarudi nyumbani bila ng'ombe.

Nikatoa ile pakiti yako. Nikaosha karatasi, nikachemsha na magadi kama mboga ya mrenda. Ikavuta! Inanuka ziwa. Nikakaa mezani pale baba yako alikuwa anakaa, nikala na ugali, nikamaliza sufuria. Nduta akapita akacheka, ati hiyo haichemshwi, ameona kwa simu. Nikamwambia, hata ikichemshwa ni tamu, kwa sababu imetoka kwa mtoto wangu.

Baba yako mdogo anauliza ni ukumbusho gani huo hauna ng'ombe. Nimemwambia ale kwake kwanza ndio aje. Baba yako Wanjala alichunga ile ng'ombe na wewe, si na yeye. Siku ile nilikupa sahani, sikukuangalia uso. Nilikuwa naangalia watu.

Jogoo bado inawika, nimeiacha. Wali nitapika mimi. Avokado nitaweka ndani ya unga ziive. Wewe uje ufunge, na mimi nitakuwa wa kwanza kula, nimesimama, wote wanione.

Lete karatasi za kutosha watu. Hizi zingine nimemaliza kuchemsha.

Mama Dolphine