Sisi Huku Wazima

Bulwa, 10 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Bungu, na goti je? Sisi huku hatujambo, ila mjukuu wako Evelina. Wiki hii nimelala naye zahanati mara mbili, kifua kimembana hadi midomo ikabadilika rangi. Daktari anasema ni pumu. Akaniuliza kama aliugua sana kifua alipokuwa mchanga, maana wengi wa watoto hao huja kupata pumu. Nikasema hapana. Nilikuachia ana miezi sita, na barua zako zote zilisema mzima. Nilisema kweli, mama? Nijibu upesi. Likizo anataka kuja kwako, hana wimbo mwingine.

Mwanao,
Modesta

Bungu, 26 Mei 2024

Mwanangu Modesta,

Marahaba. Sisi huku wazima wa afya, maharage yanaendelea vizuri. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliogopa.

Ndani ya bahasha kuna kadi ya kliniki, ile niliyokwambia imeliwa na panya. Mwaka ule baridi ilikuwa kali, nikawa namlaza jikoni karibu na mafiga, kama nilivyokulaza wewe na kaka zako. Aliugua nimonia mara tatu kabla hajatimiza mwaka. Ya mwisho, Julai, alilazwa hospitali akawekewa hewa ya oksijeni siku nne. Wewe ndiyo kwanza umepata kazi ya kuchuma chai. Ningesema, ungeiacha.

Mama yako

Bulwa, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Kadi nimeisoma, nikatoa na barua zako za zamani. Tarehe 14 Julai 2016, mtoto yuko kwenye hewa, wewe unaniandikia: sisi huku wazima, Evelina amenenepa. Nimekasirika, sikufichi.

Daktari anasema hawezi kujua kama nimonia ndiyo iliyoleta pumu, au mapafu yake yalikuwa dhaifu tangu mwanzo ndiyo maana akaugua mapema. Ila moshi haukumsaidia, hilo ana hakika. Nimechoka hata kulaumu. Evelina haji mpaka nijue jiko lako likoje. Na ukiandika, usiseme wazima kama si wazima.

Modesta

Bungu, 21 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi si mzima. Nakohoa tangu Pasaka, na nikipanda kutoka mtoni napumzika mara nne. Jiko ni lile lile. Mafiga niliyahamishia nje, mvua ikanirudisha ndani. Ningeweza kukuandikia kwamba nimejenga jipya, ukaniletea mtoto, maana nina hamu naye hadi nalia. Usimlete.

Mama yako

Bulwa, 28 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku: Evelina amebanwa mara moja wiki hii, dawa ya kuvuta ikamtuliza. Mimi mgongo unaniuma na nimechoka sana. Barua yako nimeiamini yote.

Jumamosi nakuja peke yangu. Tutaanzia hospitali, wakipime hicho kifua, na wakikuruhusu tunarudi wote Bulwa. Usinibishie. Evelina ameshahamia upande wa ukutani, upande wa nje wa kitanda anasema ni wako.

Mwanao,
Modesta