Mwenye Canelo Kajulikana

Shoga, uko wapi? Yule jirani yetu, Doña Eduvigis, kaumbuka mchana kweupe!

Kamburuta Canelo, mbwa wetu wa mtaani tunayemlisha sote, mpaka hema la chanjo pale plaza. Eti isomwe chipu ya shingoni, ile mbwa anayodungwa kwa sindano ikiwa na namba ya simu ya mwenyewe, "mshenzi aliyemtupa ajulikane!"

Daktari kaisoma. Ikatokea namba ya mwenye mbwa, akaipiga palepale.

Simu ikalia mkobani mwa Eduvigis.

MKOBANI MWAKE, shoga!

Unajua kasemaje? "Mimi nilidhani sindano ile ilikuwa ya chanjo tu!"

Yaani kakiri kwa mdomo wake! Miaka minne anamfukuza kwa ufagio, na sisi anatuita wachafu kwa kumlisha.

Na Canelo, masikini, aliposikia mlio wa ile simu, akaanza kutikisa mkia.