Damu ya Mtu wa Mnara

Ng'ambo, Tabora

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai umeamka salama, na goti limepunguza kukusumbua. Mikorosho ya nyuma ya nyumba imeshatoa maua? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na vumbi la huku nimelizoea.

Dada Asha amenieleza kwamba hutaki tena simu iletwe karibu yako, na umeniagiza niache kazi ya kulinda mnara wa simu kabla mionzi haijanimaliza. Ndiyo maana nakuandikia, yeye atakusomea. Sijakukasirikia, Mama. Hofu yako ni ya mzazi. Ila hasira ninayo, na nitakueleza nimewakasirikia kina nani.

Unajua nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Nyamizi, muuza karanga sokoni. Nyumba yake imepakana na uzio wa mnara wenyewe. Ana mtoto mmoja tu, Nyamizi, yuko darasa la kwanza, mtundu wa maneno. Kila nikirudi kutoka lindoni alikuwa ananiuliza kama mnara umelala vizuri.

Mwaka huu mtoto akaanza kuugua. Miguu inamuuma mpaka analia, homa inapanda, macho yanakuwa ya manjano, halafu anapata nafuu, halafu yanaanza upya. Kipindi hicho hicho akaja sokoni mtu mmoja na kipaza sauti, anatangaza kwamba minara inanyonya damu za watoto. Alikuwa anauza vibandiko vya kung'aa. Ukibandika kwenye simu au mlangoni, anasema, mionzi inarudi ilikotoka. Watu wakanunua. Mama Nyamizi akabandika mlangoni, akabandika kitandani, na mtoto naye akambandika kifuani, juu ya fulana. Nilimwona yule mtoto anaungua homa na kibandiko kinameremeta kifuani, nikatamani kumkamata shati yule muuzaji.

Nikamwambia mama yake, "Mpeleke hospitali wampime damu."

Akanijibu bila kuniangalia, "Wewe Saidi unalipwa na wenye mnara. Utasema nini kingine?"

Toka hapo mtaa ukanigeuka. Sare yangu niliyoianika kwenye kamba niliikuta matopeni. Nikifika bombani, mazungumzo yanakatika. Mama wa genge ninaponunua nyanya akawa ananiwekea chenji juu ya meza, asije akagusa mkono wangu.

Malalamiko yakafika kwa mwenyekiti wa mtaa, akaletwa mtaalamu na kipimo chake. Akapima chini ya mnara, akapima uani kwetu, akapima na shuleni. Akatangaza kuwa kiwango kiko chini sana ya kile kinachoruhusiwa, akachanganya na Kiingereza kingi. Bibi mmoja akamuuliza kwa adabu, "Baba, hicho kidogo kilichopo kinafanya nini mwilini?" Akatazama saa, akasema yote yameandikwa kwenye ripoti, akapanda gari. Huyo naye amenikera sana. Fundi anayepanda mnara wetu aliwahi kunieleza kwa maneno mepesi tu: haya mawimbi ni ndugu wa yale ya redio, si kama miale ya eksirei. Yakiwa makali yanapasha mwili joto, ndiyo maana yeye akifanya kazi mbele ya antena huzima mitambo kwanza. Yakifika chini tulipo sisi yameshakuwa hafifu. Mtaalamu angemjibu bibi yule hivyo, kwa subira, huenda Mama Nyamizi angesikia.

Badala yake akamchukua mtoto, akampeleka Bukene kwa kaka yake, Masanja, anayelima mpunga mbali na mnara wowote. Niliwabebea begi hadi stesheni. Hakunizuia, wala hakunishukuru.

Huko Bukene mtoto akazidiwa. Viganja vikawa vyeupe, anahema kama aliyekimbizwa. Wakamwahisha hospitali, na mwisho wakaletwa hapa Tabora mjini. Mama Nyamizi akanipigia mwenyewe.

"Saidi, wanataka damu. Yangu haiendani na yake, ya Masanja haiendani, na akiba yao haitoshi."

Nikaenda. Wakanipima, nikaonekana nafaa. Masanja akasimama mlangoni, kanyoosha mkono kuziba njia. "Damu ya huyu? Mtu anashinda chini ya mnara kila siku. Mnataka kummaliza mtoto?"

Muuguzi akamwambia damu itapimwa vizuri, haitapewa mtoto isipokuwa salama.

"Na mionzi mnaipima?"

Mtoto anakata pumzi ndani, sisi tumesimama kwenye korido tunabishana habari ya mionzi. Nikamgeukia Mama Nyamizi. "Mtoto ni wako. Ukisema niondoke, naondoka."

Akamtazama kaka yake. "Masanja, kule shambani kwako kulikuwa na mnara gani?"

Masanja akaushusha mkono.

"Katoe," akaniambia.

Vipimo vikaonyesha ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Daktari akamuuliza mama kama mtoto aliwahi kuvimba vidole akiwa mchanga, maana ndiyo dalili yake ya mapema. Akakaa chini palepale sakafuni. Vilivimba, na zamani hizo mahali penye mnara palikuwa na shamba la mihogo.

Nyamizi amerudi nyumbani. Ana dawa, ana kliniki, amerudi shule. Mama yake aliwaita majirani uani akawaeleza yote bila kujificha. Wengine wamenirudia. Wengine bado wananipita kama nguzo. Masanja alirudi Bukene bila kuniaga.

Na yule mtu wa vibandiko? Nimemkuta Gongoni, mtaa mwingine wa hapa mjini, sasa anauza na bangili. Nilisimama mbele ya wateja wake nikawaeleza habari za Nyamizi. Akaongeza sauti ya kipaza, akanifunika. Hajui hata jina la mtoto ambaye vibandiko vyake vilikaribia kumzika, na hakuna aliyemuuliza. Hilo ndilo linalonichoma, Mama. Mtu akiuliza kwa hofu, ajibiwe. Anayeuza hofu ndiye wa kufukuzwa.

Kwa hiyo kazi siachi. Likizo nikipata nitakuja Newala, na yote unayoyaogopa uniulize. Nisilolijua nitakwambia silijui.

Msalimie Dada Asha na watoto wake, shemeji yangu, shangazi wa kisimani, na mjomba aliyekuletea maneno ya mionzi. Mwambie namheshimu, lakini hili asomewe na yeye alisikie.

Nyamizi yuko hapa mlangoni, hataki niifunge bahasha kabla sijakuuliza jambo. Anasema kwa kuwa sasa ana damu yangu, je, ana ruhusa ya kukuita bibi?

Mwanao,
Saidi