Binti Anakufa Mapema Mno

Hsinchu, 6 Januari

Kwako Babu Vidole,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, ila upepo wa hapa Hsinchu unataka kuning'oa masikio. Hofu ni kwako. Goti linasemaje? Na A-Tiong, mwanafunzi wako wa vikaragosi, bado anaunguza wali?

Babu, sikia. Nimepata kazi. Ndiyo, mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili ukasema nitaishia kuuza karanga sokoni. Kuandika programu nimejifundisha mwenyewe, na sasa kuna madaktari hapa wananipa sauti za watu nizipime. Mtu anasema "aaaa" kwa pumzi moja mpaka iishe, halafu "pa-ta-ka, pa-ta-ka" mbio mbio. Programu inasikiliza: sauti inatikisika kiasi gani, inafifia wapi, ulimi unachelewa wapi. Kuna ugonjwa unaitwa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Kwa wengine sauti inageuka hata kabla mkono haujatetemeka. Mashine si daktari. Inanong'ona tu: huyu mpelekeni akaonwe.

Sasa natafuta wazee wazima wa kulinganisha na wagonjwa, nikakuwaza wewe kwanza. Miaka hamsini nyuma ya pazia, vikaragosi vyote mikononi mwako na sauti zote zako: binti, jemadari, chale, bikizee, shujaa. Nani atanipa pumzi kama yako? Mwambie A-Tiong akurekodi kwa simu yake. Mara tano, siku tofauti.

Mjukuu wako,
Yu-chin

Xiluo, 19 Januari

Kwa mjukuu wangu msumbufu,

Marahaba. Hatujambo hapa. Goti linalalamika kama shangazi yako, lakini linatembea. A-Tiong ana miaka hamsini na mbili, kanifuata tangu ana kumi na tisa, na wali bado unamshinda.

Kazi yako nimeifurahia, ingawa karanga hazimlazimishi mtu kusema aaaa. Rekodi tumetuma. A-Tiong alicheka mpaka simu ikatumbukia kwenye bakuli la mchuzi wa soya. Kama sauti yangu ina chumvi, usinilaumu.

Jukwaani mambo ni mazuri. Ule mchezo wa binti wa mtoni nimeutengeneza upya. Zamani binti aliimba mpaka mwisho, watu wakasinzia. Sasa anakufa mwanzoni kabisa. Akina mama wa hekaluni wamelia, wamelowesha vitambaa. Kero ni moja: A-Tiong anakuwa kiziwi. Nikisema neno, "Ati?" Nikirudia, "Ati, mwalimu?" Na siku hizi hata wanaokaa mbele wamekuwa viziwi. Sijui tunavuta hewa gani.

Babu yako

Hsinchu, 8 Februari

Babu mtundu,

Shikamoo. Mimi sijambo, nalala kidogo, nakula tambi. Wewe je?

Nilikuomba sauti moja, umeniletea kijiji. Rekodi mbili ni shujaa, mbili chale, moja bikizee. Programu imeapa kwamba hawa ni watu watatu, na wote wazima kama ng'ombe. Bosi wangu kauliza bikizee ana miaka mingapi.

Nataka sauti yako, Babu. Ile unayomwitia A-Tiong mezani. Hiyo tu.

Halafu jambo dogo. Binti hayumo kwenye rekodi, na jemadari hayumo. Wao walikuwa safarini? Na binti mbona anakufa mapema hivyo? Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa chini ya jukwaa nimsubiri yeye.

Mjukuu wako,
Yu-chin

Xiluo, 2 Machi

Yu-chin,

Sijambo. Natumaini nawe hujambo.

Mchezo ni wangu. Nikitaka binti afe, anakufa. Jemadari naye nimemfanya bubu, kakatwa ulimi vitani, anaongea kwa upanga. Watu wamependa. Sauti yangu ya mezani haina kazi duniani, iache hukohuko mezani.

Na usimwandikie A-Tiong kwa siri. Ameniambia.

Sikukuu ya Mazu, mungu wetu wa bahari, inakaribia. Kamati ya hekalu imeanza minong'ono: vikundi vingine vinatumia kanda siku hizi, sauti imerekodiwa, mtu anatingisha mikono tu. Wakisikia mimi, mzee Liao, napimwapimwa, kanda itafika hapa kabla supu haijapoa. Ukinitoa sauti nabaki nani? Kamba ya kuanikia nguo.

Babu

Hsinchu, 11 Machi

Babu,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, maana utanidanganya. Na mimi nilianza, nilikudanganya kwenye barua ya Januari.

Sikuhitaji mzee mzima wa kulinganisha. Barua zako ndizo zilizonitisha. Nimezipanga sakafuni, kuanzia za mwaka juzi. Maandishi yako yalikuwa makubwa kama mabango ya jukwaa. Yakapungua. Yakapungua tena. Hii ya juzi ni mbegu za ufuta, na kila mstari unaisha mdogo kuliko ulivyoanza. Madaktari wa hapa wanaijua dalili hiyo. Nikaogopa, nikatafuta ujanja wa kukupima bila kukuambia. Nisamehe.

Lakini wewe hujanishinda kwa ujanja, Babu. Binti anataka sauti ya juu isiyokatika. Amekufa. Jemadari anataka kishindo. Amekuwa bubu. Unawaua mmoja mmoja, wale usiowaweza tena, halafu unaita mchezo mpya. Na A-Tiong si kiziwi. Sauti yako ndiyo inayozama, na wagonjwa wengi hawajisikii wenyewe, wanadhani wenzao wameziba masikio. Nimesikia hayo kwa wazee thelathini.

Huenda nimekosea. Naomba niwe nimekosea. Mimi najua namba, daktari ndiye anayejua mtu. Lakini dawa zipo, mazoezi ya sauti yapo. Nimekupangia siku kwa daktari wa hapa, Jumanne tarehe 14 Aprili, saa tatu asubuhi. Nitakuwa mlangoni. Kamati sitaiambia neno, naapa kwa kaburi la Bibi.

Mjukuu wako,
Yu-chin

Hsinchu, 16 Aprili

Babu,

Shikamoo. Nilisimama mlangoni mpaka saa saba. Kila mzee aliyeshuka kwenye gari nilimkimbilia. Mmoja alidhani nataka kumwibia mwavuli.

Simu ya A-Tiong haipokelewi. Tafadhali, hata mstari mmoja, wa ufuta, nitausoma.

Yu-chin wako

Xiluo, 15 Mei

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba, mara zote nilizokunyima. Nimekaa kimya, nimekuumiza, najua. Sasa naandika kwenye karatasi ya mistari mipana, nagusa mstari wa juu na wa chini kwa kila herufi. A-Tiong anasema naandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimemwambia afadhali mimi naandika, yeye hajawahi kupika.

Sikuja kwa sababu bado nilikuwa na sauti ya chale. Nilijisemea, chale akinibakia, mimi bado nipo.

Siku ya Mazu uwanja ulijaa, jua limewaka, wengine wamekaa juu ya pikipiki. Chale akatoka, nikaanza ile mizaha ya haraka haraka. Neno la tatu likakwama. Ile pa-ta-ka yako, Yu-chin. Ulimi ukawa kama mguu kwenye tope la mpunga. Chale amesimama mkononi mwangu, mdomo wazi.

A-Tiong akanitazama. Chini ya meza alikuwa na mashine ya kanda, kamati ilimpa kwa siri. Akaibonyeza.

Unajua ilikuwa sauti ya nani? Yangu. Ya miaka thelathini iliyopita, walitunza hekaluni. Chale akaongea. Binti akafufuka, akaimba mpaka mwisho. Mimi natingisha vidole tu. Watu wakapiga makofi ambayo sijayasikia miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyejua. Hilo ndilo lililonivunja.

Nyuma ya pazia nilimgeuzia A-Tiong mgongo. Akasema, "Mwalimu, nitukane, ila kwa sauti, maana sikusikii." Nikacheka, naye akalia. Jumanne akanipeleka kwa daktari mjini Douliu. Hukukosea. Nimeanza dawa, na asubuhi napiga kelele kwenye ua mpaka kuku wa jirani wamehama.

Rekodi uliyoitaka A-Tiong ametuma. Ni sauti ya mezani. Sikusema aaaa. Nimesema, "A-Tiong, njoo ule." Isikilize mwenyewe kwanza kabla ya kuipa mashine.

Sasa nishauri. Kamati inataka jibu la mwaka ujao. Wana kanda, na ndani yake binti anaimba vizuri kuliko atakavyowahi kuimba tena. Na kuna A-Tiong. Jana alimvaa binti mkononi akamjaribu. Anamwimba kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Nina pumzi ya kumfundisha, kidogo, haijulikani mpaka lini, na watu watamcheka mbele yangu.

Ungekuwa wewe, mjukuu wangu uliyemsubiri binti chini ya jukwaa, ungefanyaje?

Babu yako