Swali la Mama Naserian

Noonkopir, Jumapili, 2004

Bado linanizunguka kichwani. Nilikuwa namweleza jirani yangu, Mama Naserian, vile kanisa lilinituma Palestina miezi mitatu kuangalia watu wakipita kizuizi cha jeshi la Israeli. Kuna mzee mmoja, shamba lake la mizeituni liko ng'ambo ya kizuizi, chini ya kilima chenye nyumba mpya za walowezi wa Kiisraeli. Kila asubuhi mwanajeshi, rika la kijana wangu, anamwambia ainue shati aone kama amebeba bomu.

Nilidhani Mama Naserian atauliza juu ya bunduki.

"Na huyo kijana aliinamisha kichwa kwanza, mzee amguse?"

Watoto wa Kimasai hapa wote hufanya hivyo wakisalimia wazee. Nikacheka, halafu nikakumbuka foleni ile.

Mzee ndiye alikuwa anasalimia kwanza. Kwa daftari yangu niliandika saa na urefu wa foleni. Kama alijibiwa, sikuandika.