Umeme wa Nchi Mbili

Busia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na baridi ya huko Taita, bado unalala na soksi? Mimi mzima, nimenenepa kwa samaki wa huku.

Wiki hii nusura niiache hii kazi ya studio. Alikuja Mama Nyafwono, mwimbishaji wa kwaya kutoka Mwello, upande wa Uganda. Ana uvimbe kooni na wiki ijayo anapasuliwa. Daktari amemwambia sauti huenda isirudi. Alitaka wajukuu wabaki na wimbo wake mmoja.

Akaimba. Nilipomchezea rekodi yake, chini ya sauti yake palikuwa na mngurumo, mmmm, kama nyuki mzingani.

"Mwana yangu, hii nyuki iko ndani ya shingo yangu?"

"Hapana, mama. Ni mashine."

Nikabadilisha maikrofoni, nikabadilisha nyaya, nikazima friji, nikazima hata taa. Nyuki wapo tu. Yeye ameketi anakohoa, sauti inazidi kukwaruza. Niliogopa, Mama.

Sasa ujue ujanja wangu. Umeme hapa hukatika ovyo, kwa hiyo nilivuta waya juu ya ukuta kutoka kwa jirani yangu Wanyama, ambaye nyumba yake iko Uganda. Kompyuta ikawa inakula umeme wa kwake, mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, inakula wa Kenya. Nikajiona mjanja kweli.

Mara Wanyama akaita ng'ambo ya ukuta: "Fundi! Natoa waya yako kidogo, nataka piga pasi!"

Kabla sijamjibu ameshachomoa. Kompyuta ikabaki na betri yake, na nyuki wakanyamaza. Kumbe kila nyumba ina waya wake wa ardhini, na hizo ardhi mbili zilikuwa zikigombana ndani ya mashine zangu. Mshika mbili moja humponyoka. Nikachomeka vyote kwenye soketi yangu moja.

Mama Nyafwono akaimba tena, kisha akasikiliza macho amefumba. "Sasa hiyo ni mimi," akasema. "Weka vizuri."

Nilimsindikiza hadi kwenye bodaboda, nikarudi ndani nikalia. Sikumlilia yeye peke yake. Kila nikikuomba kwenye simu ule wimbo uliotubembelezea, unaniambia, "Sauti imezeeka, ngoja kwanza nipone mafua."

Nisalimie dada Mghoi, mjomba kinyozi, na shangazi muuza ndizi, aache kuniulizia mke.

Krismasi naja na maikrofoni. Usiniambie ngoja.

Mwanao,
Mwakio